Mjumbe hauawi, lakini asifutwe kwenye jedwali

Haya wasomaji wangu, leo tuziweke kando habari za simu mpya na lugha za programu, tuingie maabara. Najua wengi wenu mliiaga kemia kidato cha pili, na mimi pia digrii yangu ni ya sayansi ya kompyuta, si ya chupa na moto. Lakini nivumilieni, kwa maana hoja yenyewe ni ya data, na data ndiyo inayonilisha.

Mzozo ulianza hivi. Rafiki yangu mmoja wa Likoni, anayesoma kemia, alivuka feri akanifuata Kisauni na flashi yenye jedwali. Alikuwa amenakili kutoka makala za kisayansi vipimo vya infraredi vya ioni zilizo katika hali ya gesi: jina la ioni, mahali pa kila kilele, ukubwa wa kilele, na safu wima moja aliyoiita "mjumbe". Alitaka nimwandikie programu ya kujifunza kutoka kwenye jedwali hilo, ili baadaye ukiipa ioni mpya ikutabirie vilele vyake. Ombi lake la kwanza lilikuwa nifute safu ya mjumbe. "Hiyo ni kelele tu," akasema. Nikakataa, tukabishana mpaka magharibi ikaadhiniwa. Makala hii ni upande wangu wa ubishi ule, maana nyumbani kwangu hakukuwa na mwamuzi.

Kwanza tuelewane huyo mjumbe ni nani.

Molekuli haikai kimya. Vifungo vinavyoshika atomi zake vinatikisika kama nyuzi za udi, na kila uzi una sauti yake. Mwanga wa infraredi wenye mtikisiko ulio sawa na wa kifungo fulani humezwa na kifungo hicho. Ukipima ni mwanga upi umemezwa na upi umepita, umepata spektra, na spektra ni kama alama ya kidole: inakuambia molekuli imeundwaje, nani kamshika nani. Kwa utando mwembamba wa maji au wa plastiki kazi hii ni nyepesi. Unamulika upande huu, unapima upande wa pili.

Ioni za gesi ndizo zenye taabu. Kwa kuwa zina chaji ya umeme wa aina moja, zinasukumana, huwezi kuzirundika pamoja. Zinabaki chache mno hata kivuli chake kwenye mwanga hakionekani. Ni kama kutafuta kivuli cha nzi mmoja kwenye ukuta wa jengo la jirani.

Dawa ilipatikana Berkeley, Marekani, katika miaka ya 1980. Mitchio Okumura na wenzake, kwenye maabara ya Yuan T. Lee (huyo huyo aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1986, ingawa kwa kazi nyingine), walichukua ioni za maji yaliyoongezewa protoni, wakazipoza, na kuzibandikia molekuli moja ya haidrojeni kila moja. Haidrojeni hiyo imeshikwa kwa ulegevu sana. Ioni ikimeza fotoni moja, joto lake linatosha kumrusha nje yule aliyebandikwa. Ioni sasa imepungua uzito, na mashine ya kutenganisha ioni kwa uzito wake inaona tofauti hiyo bila shida yoyote. Kwa hiyo huangalii tena mwanga uliopotea, unahesabu ioni zilizomwaga mzigo. Wakemia wakamwita huyo aliyebandikwa mjumbe, kwa sababu anguko lake ndilo linaloleta habari kwamba mwanga umemezwa. Sisi tunasema mjumbe hauawi. Huyu hauawi kweli, ila kila habari anayoleta anailipia kwa kufukuzwa.

Kwa nini abandikwe mtu mlegevu namna hiyo? Hesabu ni fupi. Fotoni ya infraredi yenye mawimbi 3,000 kwa kila sentimita ina nishati ya takriban kilojuli 36 kwa moli. Kung'oa haidrojeni moja kutoka kwenye molekuli ya maji kunahitaji karibu kilojuli 500. Fotoni moja haitoshi kuvunja ioni yenyewe, lakini kumdondosha heliamu, neoni au agoni inatosha na chenji inabaki.

Mpaka hapa rafiki yangu yuko sawa kabisa. Mjumbe anaonekana ni chombo tu, kama ndoo ya kutekea. Basi kwa nini ndoo iandikwe kwenye jedwali la maji?

Kwa sababu ndoo hii inaivuta ile kamba. Chukua ioni iitwayo ya Zundel, H5O2+. Ni molekuli mbili za maji zilizoshika protoni moja katikati, sawa kwa sawa, kama watu wawili waliobeba dumu moja, kila mmoja kashika mkono wake. Sasa mtundike mmoja wao mkoba begani. Hata ukiwa mkoba mwepesi, bega litashuka na dumu litaegemea upande mmoja. Mwaka 2005 kundi la Mark Johnson wa Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na wanahesabu wa kemia walioshirikiana nao, walichapisha vipimo vya ioni hii ikiwa na mjumbe neoni na ikiwa na mjumbe agoni. Kwa neoni, eneo la mtikisiko wa ile protoni ya katikati lilikuwa safi: vilele viwili vikali, kwenye 928 na 1,047, na kingine hafifu kwenye 1,763. Kwa agoni, picha ilichanganyika, vilele vikawa vingi, kwa sababu agoni inaikalia molekuli moja ya maji na ule usawa wa pande mbili unavunjika. Ioni ni ile ile, jina ni lile lile kwenye safu ya kwanza ya jedwali. Ukifuta mjumbe, una mistari miwili inayopingana na huna namna ya kujua kwa nini.

Wanaoandika programu mnaijua hali hii. Programu ina hitilafu, unaweka mstari wa kuchapisha thamani ili uone kinachoendelea, na hitilafu inatoweka kwa sababu mstari wako umebadilisha mwendo wa saa ndani ya programu. Ukiutoa, hitilafu inarudi na kukucheka.

Rafiki yangu hakukata tamaa. Akaniambia, "Basi tufanye kama Kongowea." Pale sokoni muuzaji akikupimia nyanya ndani ya kikapu, anajua uzito wa kikapu kitupu, anautoa, mambo yanaisha. Tutafute agoni inasogeza vilele kwa kiasi gani, tutoe hesabu hiyo kwenye mistari yote ya agoni, halafu safu ifutwe kwa amani.

Wazo zuri, ila kikapu hakibadilishi nyanya. Mjumbe hasogezi spektra yote kwa kiasi kimoja. Anakaa mahali fulani, kwa kawaida kwenye haidrojeni iliyochomoza yenye chaji nyingi, na kifungo cha hapo hulegea na kilele chake kushuka sana, huku kifungo cha upande wa pili wa ioni hiyo hiyo kikiwa hakina habari. Tena kila mjumbe ana mkono wake. Wakemia hupima jinsi kila atomi au molekuli inavyoipenda protoni, kwa kilojuli kwa moli: heliamu 178, neoni 199, agoni 369, haidrojeni 422, naitrojeni 494, na maji yenyewe 691. Si kipimo kamili cha usumbufu, lakini kinakupa mpangilio. Angalieni kwamba haidrojeni, ambayo ndiyo molekuli nyepesi kuliko zote, inavuta kuliko agoni. Udogo wa umbo si upole. Na heliamu, ambaye ndiye mpole wa kweli, ana masharti kama bibi harusi: habandiki mpaka umpoze hadi nyuzi chache juu ya sifuri halisi, yaani jirani na −269 za Selsiasi. Ndiyo maana maabara nyingi ziliishi na agoni miaka mingi, na ndiyo maana majedwali ya zamani yamejaa agoni.

Nikiri kwamba kwa ioni kubwa, kama peptidi zenye makundi mengi ya atomi, mjumbe mmoja mara nyingi hasumbui sana. Mzigo wa kilo moja kwenye lori la Changamwe hauonekani. Ni ioni ndogo, zenye protoni iliyo njia panda, zinazoyumba. Lakini programu ya kujifunza haijui ipi ni lori na ipi ni baiskeli. Itajua tu ikiwa umeipa safu ya mjumbe.

Kuna jambo la pili ambalo kwangu ni zito zaidi, na watu huligusa juu juu. Mjumbe hasogezi vilele tu, bali pia anachagua nani apimwe. Fikiria ioni iliyotoka kwenye chanzo ikiwa bado ya moto. Ikiwa joto lake la ndani linazidi nguvu inayomshika mjumbe, mjumbe anaondoka kabla taa haijawashwa, na ioni hiyo haihesabiwi. Wanaobaki na mjumbe ni wale baridi tu. Kwa hiyo mjumbe ni bawabu: akishikwa kwa nguvu anaruhusu ioni za moto kiasi, akishikwa kwa ulegevu anaruhusu zile za baridi sana pekee. Na kwa kuwa ioni moja inaweza kuwa na maumbo kadhaa, yanayotokea kwa viwango tofauti kulingana na joto, ukibadilisha bawabu unabadilisha pia mchanganyiko wa maumbo ndani ya ukumbi. Mwaka 2012 Kenta Mizuse na Asuka Fujii wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, waliligeuza jambo hili kuwa mbinu: wakabadilisha wajumbe makusudi kwenye vishada vya maji vyenye protoni, ili wachague joto na maumbo wanayotaka kuyaona.

Msomaji wa takwimu ameshaelewa. Hii ni sampuli yenye upendeleo, na jina la upendeleo limeandikwa kwenye ile safu tuliyotaka kuifuta.

Sasa niwape hadithi inayonifanya niwe mgumu kuliko inavyopaswa. Mwaka 1993 watafiti wa John Maier, Basel, Uswisi, walipima kaboni sitini yenye chaji, C60+, ile molekuli yenye umbo la mpira wa miguu, ikiwa imenaswa ndani ya barafu ya neoni. Mwaka uliofuata Bernard Foing na Pascale Ehrenfreund wakaripoti mistari miwili katika mwanga wa nyota, kwenye nanomita 957.7 na 963.2, jirani na ile ya maabara, wakasema yawezekana C60+ iko huko juu baina ya nyota. Jirani, lakini si pale pale, kwa sababu neoni inayoizunguka ioni pande zote inasogeza mistari. Je, tofauti ni ya neoni tu, au ni molekuli nyingine kabisa? Swali hilo lilikaa bila jibu la uhakika kwa zaidi ya miaka 20.

Lilijibiwa mwaka 2015 huko huko Basel, safari hii kwa mjumbe. Ewen Campbell, Mathias Holz, Dieter Gerlich na Maier waliibandikia C60+ atomi moja ya heliamu na kuipima ikiwa katika hali ya gesi. (Hapa kinachoruka ni elektroni, si kifungo kinachotikisika, na mwanga ni infraredi ya karibu. Hoja ya mjumbe haibadiliki.) Mistari ikalingana na ya nyota. Na je, heliamu nayo haikusogeza? Ilisogeza, na wao wakapima: atomi moja inasogeza takriban nanomita 0.07, ya pili inaongeza kiasi hicho hicho. Ukiwa na mjumbe mmoja, wawili, watatu, unapiga mstari na kuurudisha nyuma mpaka sifuri, na hapo ndipo ilipo ioni isiyo na mtu mgongoni. Hawakujifanya kwamba mjumbe hayupo. Walimhesabu mpaka wakaweza kumtoa.

Mstari huo nao una mwisho wake. Mwaka 2016 watafiti wa Innsbruck, Austria, waliendelea kuongeza heliamu kwenye C60+ hiyo hiyo, na mwendo ukawa wa kunyooka mpaka atomi ya 32, kisha ukageuka. Kwa nini 32? Chukua mpira wa miguu wa kizamani uhesabu vipande vyake: 20 vya pembe sita, 12 vya pembe tano. Kila heliamu ilipata kipande chake cha kukalia, na vipande vilipokwisha, wageni waliofuata wakalazimika kubanana. Mimi nilipolisoma hilo nilisimama nikazunguka chumba.

Kwa hiyo kwenye programu niliyoiandika, safu ya mjumbe ipo, na pembeni yake iko safu ya idadi ya wajumbe, na nyingine ya joto la mtego wa ioni. Tena nimeweka kanuni kwamba safu ya mjumbe haikubali kuachwa tupu. Ama uandike jina, ama uandike "hakuna", ama uandike "haijulikani". Hayo mawili ya mwisho si kitu kimoja, ingawa kwenye majedwali mengi niliyoyaona yote mawili ni kisanduku cheupe.

Hoja ya mwisho ya rafiki yangu ilikuwa nzuri kuliko zote, na haina jibu rahisi. Data ni chache. Ukiigawa kwa mjumbe, heliamu huku, agoni kule, naitrojeni pale, kila fungu linabaki na mifano michache na programu haijifunzi kitu. Ni kweli. Lakini uchache huo upo uwe umeugawa au hujaugawa, na kuficha safu hakuongezi hata mfano mmoja. Bora programu inayosema "hapa sijui" kuliko inayotabiri kilele kwa kujiamini huku imejifunza agoni ikidhani imejifunza maji.

Wengine watauliza kwa nini tusiachane na mjumbe kabisa. Njia zipo. Kule Nijmegen, Uholanzi, kuna leza ya elektroni huru iitwayo FELIX, yenye nguvu ya kuimiminia ioni fotoni nyingi moja baada ya nyingine mpaka ivunjike yenyewe, bila mjumbe. Ila ioni inayoendelea kupashwa moto huku ikipimwa vilele vyake hupanuka na kuteleza kuelekea chini, kwa hiyo umeondoa mkoba begani ukamwasha mtu moto. Mwaka 2022 watafiti wa Köln, Ujerumani, walieleza njia nyingine, ambapo ioni iliyomeza mwanga inagongana na chembe ya gesi, inapata kasi, na kuchoropoka kutoka mtegoni. Wanaochoropoka ndio wanaohesabiwa. Naipenda sana hiyo, na nadhani kwa ioni ndogo itachukua nafasi kubwa. Hata hivyo jedwali bado litahitaji safu ya kusema kipimo kilifanywaje, vinginevyo tutachanganya waliochoropoka na waliomwaga mzigo.

Na mjumbe mwenyewe bado ana kazi ambayo hakuna mwingine aiwezaye. Kundi la Yale mwaka 2016, kwenye jarida la Science, walichukua kishada cha maji mazito chenye ioni katikati, wakakibandikia haidrojeni nzito, kisha naitrojeni, kisha kaboni monoksidi, kisha maji mazito yenyewe, kila mmoja akivuta kuliko aliyemtangulia. Kwa kufuata vilele hatua kwa hatua waliweza kuona chembe inayopitishwa ikivutwa kidogo kidogo kutoka molekuli moja kwenda jirani yake, jambo linalotokea kwenye maji ya kawaida kila sekunde lakini kwa kasi na vurugu isiyoonekana. Usumbufu uliokuwa kero umegeuzwa rula. Jaribu kuweka utafiti huo kwenye jedwali lisilo na safu ya mjumbe: mistari minne ya ioni moja yenye majibu manne.

Sasa mtauliza, haya yanatuhusu nini sisi wa huku? Ioni za gesi sijui kama kuna anayezipima Kisauni. Lakini infraredi pamoja na programu za kujifunza zinatumika jirani hapa Tanzania, kwenye Taasisi ya Afya ya Ifakara, tena kwa jambo linaloua watu: malaria. Wanammulika mbu aliyekaushwa kwa infraredi, na programu inakisia spishi yake na umri wake. Umri ni muhimu kwa sababu vimelea vya malaria huhitaji kama siku 10 au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu, kwa hiyo mtaa wenye mbu vijana watupu na mtaa wenye mbu wazee ni mitaa miwili tofauti hata idadi ikiwa sawa. Ukitaka kujua kama dawa mliyopuliza imefanya kazi, unaangalia kama wazee wamepungua.

Mbu hana mjumbe wa agoni, lakini ana kitu kinachofanana naye. Baada ya kunaswa lazima ahifadhiwe mpaka afike maabara: wengine hukaushwa kwa silika, wengine huwekwa kwenye ethanoli au kimiminika kingine. Maji yanameza infraredi kwa pupa, na dawa ya kuhifadhia nayo inaacha alama yake mwilini mwa mbu. Mwaka 2022 watafiti wa Ifakara walichapisha kazi waliyoifanya juu ya jambo hilo hasa, wakilinganisha njia za kuhifadhi na muda wa kuhifadhi, na walichokiona ni kwamba programu hukisia umri vizuri zaidi pale mbu wa kufundishia na mbu wa kujaribia wanapokuwa wamehifadhiwa kwa njia moja na kwa muda unaokaribiana. Mbu wawili walioanguliwa siku moja, mmoja kwenye silika na mwenzake kwenye ethanoli, wanaweza kupewa umri tofauti na programu ambayo haikuambiwa nani alilala wapi, na afisa wa afya anayesubiri kuamua kama mtaa upuliziwe tena hataona chupa hizo, ataona tarakimu tu kwenye skrini.